Kabla ya Kuuliza Bei ya Mashine ya Kufulia, Pima Urefu wa Tangi Lako

Mada iliyowasilishwa na Ofisa Mawasiliano wa Halmashauri kwa vikundi vya wanawake na vijana vinavyokusudia kuanzisha huduma ya udobi



Nimeombwa nizungumzie mashine za kufulia zenye mlango wa mbele, na sababu mnaijua. Kisesa, Nyanguge na Magu Mjini kuna nyumba nyingi za kupanga, nyumba za wageni, walimu na wauguzi wasio na muda wa kufua. Vikundi vimeiona nafasi hiyo na vinauliza kama mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani unaweza kununua mashine. Mkopo huo, ambao wanawake wametengewa asilimia 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2, hauna riba. Lakini ndugu zangu, kukosa riba si kukosa deni. Mashine ikisimama mwezi wa tatu, marejesho hayasimami nayo. Ndiyo maana leo sipigi debe kwa chapa yoyote. Nataka tujifunze namna ya kulinganisha.

Nianze kwa kosa langu mwenyewe. Niliponunua mashine yangu ya kwanza niliuliza bei, rangi na idadi ya programu. Nilipoifunga nyumbani ilikaa muda mrefu ikisubiri maji, kisha ikatoa alama ya hitilafu na kuzima. Nikamwita fundi nikiamini nimeuziwa mbovu. Fundi hakufungua hata skrubu moja. Alitoka nje, akalitazama tangi langu lililokaa juu ya matofali mawili, akacheka. Mashine ilikuwa nzima. Maji ndiyo hayakuwa na nguvu ya kuifikia.

Hilo ndilo somo la kwanza. Vitabu vya maelekezo vya mashine hizi hutaja msukumo wa chini wa maji unaotakiwa. Nyingi huandika kilopaskali 50, nyingine 100. Kwa lugha ya kawaida, maji yanapaswa kuwa juu ya mashine kwa takribani mita 5 kwa aina ya kwanza, na mita 10 kwa ya pili. Tangi lisipofika huko, bajeti ya kikundi iwe na mnara wa tangi au pampu ndogo ya kuongeza msukumo. Mashine mbili za bei sawa zinaweza kutofautiana kwa gharama ya mnara mzima.

Sasa tuje kwenye utendaji. Katika mashine ya mlango wa mbele, pipa limelala. Linapozunguka huzinyanyua nguo na kuziangusha ndani ya maji machache, kama mama anavyopiga nguo juu ya jiwe. Kwa sababu hiyo mashine ya kilo 7 hutumia takribani lita 50 kwa mzunguko wa nguo za pamba, ilhali nyingi za mfuniko wa juu hutumia lita 100 au zaidi. Kwa anayelipia maji kwa mita, hiyo ni faida ya kila siku. Gharama yake ni muda: mzunguko kamili unaweza kuchukua saa mbili au zaidi.

Umeme nao una siri yake. Kinachokula uniti za LUKU si mota bali kipashio kinachochemsha maji. Kufua kwa nyuzi 60 kunaweza kufikia uniti moja. Kufua kwa maji ya baridi hutumia sehemu ndogo tu ya uniti hiyo. Maji ya moto yawekwe akiba kwa mashuka ya wageni na nguo za wagonjwa.

Msivutwe sana na kasi ya kukamua. Mashine ya mizunguko 1,400 kwa dakika hutoa nguo kavu kuliko ya 1,000, na msimu wa mvua utaiona tofauti. Lakini kwa sehemu kubwa ya mwaka jua la Magu hufanya kazi hiyo bure. Fedha ya ziada ni afadhali iende kwenye kamba za kuanikia na paa la kuzifunika.

Kuhusu uimara, swali la kwanza ni mota. Mota za zamani zina brashi za kaboni zinazolika, lakini kubadilisha brashi ni kazi rahisi na ya bei nafuu. Mota za inveta hazina brashi; ni tulivu na hudumu zaidi. Baadhi, kama zile ambazo LG ilianza kuzitengeneza mwaka 1998, hazina hata mkanda, kwa kuwa mota imeshikana na pipa lenyewe.

Hapo ndipo penye mtego. Mtaona stika kubwa imeandikwa waranti ya miaka 10. Isomeni hadi mwisho. Kwa kawaida miaka hiyo ni ya mota pekee. Sehemu nyingine hupewa mwaka mmoja au miwili. Na mota si sehemu inayosumbua mara nyingi. Bodi ya saketi huungua umeme unapopanda na kushuka, pampu huziba kwa sarafu na vifungo, na beringi huchakaa kwa kubebeshwa mzigo kupita kiasi. Katika mashine nyingi za siku hizi pipa la nje la plastiki limeunganishwa moja kwa moja, hivyo beringi ikifa hubadilishwa pipa zima. Ulizeni kabla: pipa hili linafunguka? Bodi yake inapatikana Mwanza? Fundi ni nani?

Swali lingine ni la biashara. Mashine nyingi za dukani zimetengenezwa kwa matumizi ya nyumbani, na waranti nyingi hufutika zikitumika kibiashara. Kikundi kitakachofua mizigo sita kwa siku kijue hivyo tangu mwanzo. Kama bei ya mashine ya kibiashara haifikiki, ni busara kununua mbili ndogo za aina moja kuliko moja kubwa: moja ikiugua, nyingine huendelea kulipa deni.

Kwa mashine za mtumba, msikubali kuonyeshwa taa zinazowaka tu. Ombeni ijazwe maji na ikamue. Kabla ya hapo, zungusheni pipa kwa mkono; likinguruma au kuchezacheza, beringi zimekwisha.

Niseme pia ukweli usiopendwa. Ikiwa kikundi chenu kinachota maji kwa ndoo, msinunue mashine ya mlango wa mbele kwa sasa. Ile ya mapipa mawili, inayomiminiwa maji kwa mkono, itawafaa zaidi. Haihitaji msukumo, na wengi wa mafundi wetu wanaimudu. Mtapanda ngazi maji ya bomba yakifika.

Mashine ikishafika, toeni boliti za usafirishaji zilizo nyuma kabla ya kuiwasha, kwani zikiachwa mashine hurukaruka hadi ijivunje. Isimame sawasawa juu ya sakafu ya saruji. Iwekeeni stabilaiza. Tumieni sabuni ya mashine yenye povu dogo. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono hujaza povu na kuzuia nguo kusuguana. Acheni upana wa kiganja juu ya nguo. Safisheni chujio la pampu mara kwa mara, futeni mpira wa mlango, na mlango ubaki wazi baada ya kazi ili ukungu usiingie.

Mwisho, tulikumbuke ziwa letu. Kila mtu anayeacha kufua akiwa amesimama ndani ya maji amepunguza nafasi ya kupata kichocho. Lakini tusilipunguzie ziwa miguu yetu kisha tukalimwagia povu letu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Maji ya udobi yaende kwenye shimo lililojengwa.

Natoa rai kwa kila kikundi: kabla ya kujaza fomu ya mkopo, nendeni eneo lenu na kamba ya kupimia. Pimeni urefu wa tangi, kagueni umeme, mtajeni fundi. Andikeni majibu hayo kwenye andiko la mradi na mpelekeeni Ofisa Maendeleo ya Jamii wa Kata. Baada ya hapo, ndipo muulize bei.