Kibati Kwanza, Waya Baadaye: Kubadili Mashine za Mtumba Zitumie Volti 230

Mada kwa semina ya mafundi seremala, Ipyana, Kyela

1. Utangulizi



Misumeno ya mezani na randa za mtumba zinazidi kuingia kwenye karakana zetu za nyumbani. Nyingine zinatoka Marekani, kwenye umeme wa volti 120 na hezi 60. Nyingine zinatoka Japani, volti 100, ambako upande wa Tokyo ni hezi 50 na upande wa Osaka ni hezi 60. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50; hata ukivuka Songwe kuingia Malawi, ni huohuo.

Tumezoea kuweka transfoma ya kushusha. Inasaidia, ila inanguruma, inapata moto na kula LUKU bure. Na siku kibarua akichomeka mashine moja kwa moja ukutani, mota imekwenda. Nasema leo kwamba baadhi ya mota hizi zinaweza kupokea 230 bila transfoma, mradi kibati cha kila mota, chenye maelezo yake ya umeme, kisomwe chote.

2. Volti: kazi ya nyaya

Tafuta maandishi 115/230. Mota yenye maandishi hayo ina koili kuu mbili. Kwa volti 115 koili hufungwa sambamba, kila moja ikipata 115 zake. Kwa 230 hufungwa mfululizo: umeme unapita ya kwanza, ndipo ya pili, na kila moja inabaki na 115 zilezile. Kwa hiyo nguvu ya mota haiongezeki. Kinachopungua ni ampea: mota iliyokuwa ikivuta 18 sasa inavuta 9, na joto linalopotea kwenye waya uleule linashuka hadi robo.

Angalieni koili ya kuanzia na kapasita yake. Kwa kawaida hubaki kwenye volti 115, kati ya kiungo cha katikati na ncha moja. Ukiipa 230 nzima, utaiunguza. Fuata mchoro ulio kwenye kibati au ndani ya kifuniko; rangi za nyaya hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda.

3. Hezi: nyaya haziziponyi

Hapa nilijifunza kwa hasara. Msumeno wangu wa kwanza niliufunga sawasawa, ukazunguka vizuri, nikapasua mbao nikijisifu. Baada ya nusu saa mota haikushikika kwa mkono, na harufu ya vanishi ikajaa karakana. Kibati kilisema 115/230, lakini hezi 60 tu.

Mota ya hezi 60 ikiwekwa kwenye 50 kwa volti zilezile, mzunguko wake hushuka, tuseme kutoka 3,450 hadi karibu 2,875 kwa dakika. Sumaku ndani ya chuma nayo hupanda kwa asilimia 20, ampea zinaongezeka, joto linafuata. Kibati kikisema 50/60, endelea. Kikisema 60 peke yake, funga mota mpya ya 230 na hezi 50 kwenye mwili uleule. Kama mashine inatumia mkanda, rudisha mwendo kwa puli: ya sentimita 10 kwenye mota ibadilishwe kwa ya sentimita 12.

4. Mashine za kaboni

Drili za mkono na grainda zenye kaboni hazijali hezi, ila kwa kawaida hazina koili za kupanga upya. Za volti 120 ziache kwenye transfoma.

5. Mapendekezo

Chomoa plagi, kisha hakikisha kapasita imetoa umeme wake kabla ya kugusa nyaya. Badili swichi na plagi ziwe za volti 230, na swichi ikate waya wa moto. Usiache waya wa ethi: mvua za Kyela zinatuachia sakafu zenye unyevu, na fundi pekupeku ndiye anayekuwa njia ya umeme. Mwisho, andika VOLTI 230 kwa rangi juu ya mashine, fundi atakayekuja asibahatishe.

Kibati cha mota yangu iliyoungua ni hiki hapa. Kipitisheni mkono kwa mkono. Ile 60 inasomeka bila miwani, na siku ile ilisomeka vilevile.