MLINDA GOLI ALIYELAUMIWA MIAKA HAMSINI

Kila mtu aliyepata kusimama kando ya kiwanja cha mpira aijua desturi hii: timu ikishinda, mfungaji wa goli huchukuliwa mabegani, ikishindwa, wa kwanza kutafutwa ni mlinda goli. Wenzake kumi wakikosea, yuko mwingine nyuma yao wa kulirekebisha kosa. Yeye akikosea, nyuma yake pana wavu tu. Leo nataka kuwasimulia habari za Moacir Barbosa wa Brazil, ili tuone lawama isiyo na kipimo humfikisha wapi mwanadamu.

Barbosa alizaliwa tarehe 27 Machi, 1921, katika mji wa Campinas. Mwaka wa 1945 alikuwa katika klabu ya Vasco da Gama ya Rio de Janeiro ilipotwaa ubingwa wa mji huo. Mwaka wa 1948 Vasco ilikwenda Santiago, nchi ya Chile, kushindana na klabu bora za Amerika ya Kusini, ikarudi na ushindi. Mwaka wa 1949 Barbosa alisimama golini Brazil ilipopata ubingwa wa mataifa ya bara hilo, ikiifunga Paraguay magoli 7 kwa bila katika mchezo wa mwisho. Basi mtu asidhani kwamba huyu alikuwa mchezaji wa kubahatisha.

Mwaka wa 1950 mashindano ya Kombe la Dunia yalifanywa Brazil. Hatua ya mwisho ilikuwa na timu nne, kila moja ikicheza na wenzake wote. Brazil iliifunga Sweden magoli 7 kwa 1, kisha Hispania 6 kwa 1. Ikabaki Uruguay tu, na hata kwenda sare kungetosha. Wazee walisema, usikate kanzu kabla mtoto hajazaliwa. Lakini huko Rio watu walikwisha kuwaita vijana wao mabingwa wa dunia kabla mpira haujapigwa.

Tarehe 16 Julai, 1950, watu karibu 200,000 walijaa katika kiwanja cha Maracanã. Mara baada ya mapumziko Friaça aliifungia Brazil goli la kwanza. Kisha Ghiggia, winga wa kulia wa Uruguay, alikimbia na mpira, akaupeleka katikati, na Schiaffino akafunga. Dakika ya 79 Ghiggia akaja tena kwa njia ile ile. Barbosa alidhani kwamba mpira utapelekwa katikati kama mara ya kwanza, akasogea kidogo ili auwahi. Ghiggia akaupiga moja kwa moja, ukapita kati ya Barbosa na mwimo wa goli. Uruguay 2, Brazil 1. Kiwanja chote kikanyamaza kama watu walio mazikoni.

Mkamatwa na ngozi ndiye mwizi. Waliolaumiwa zaidi walikuwa Barbosa na mabeki wawili, Bigode na Juvenal. Na wote watatu walikuwa watu weusi. Wakatokea wasemao kwamba mtu mweusi hafai kuaminiwa golini. Neno hilo lilikaa muda mrefu: ilikuwa mwaka wa 2006 ndipo Brazil ilipompa tena mtu mweusi, Dida, kazi ya mlinda goli wake wa kwanza katika Kombe la Dunia.

Tupime mambo kwa haki. Mafowadi waliofunga magoli 13 katika michezo miwili, siku ile walifunga moja tu. Ghiggia alipita upande ule ule mara mbili, na hakuna aliyemzuia. Tena Uruguay nao walikuwa hodari, wala hawakuupewa ushindi kama sadaka. Lakini kulitaja kosa la timu nzima kuna uchungu. Ni rahisi zaidi kumtwika mzigo wote mtu mmoja.

Barbosa hakukimbia. Aliendelea kuichezea Vasco, akapata nayo ubingwa wa Rio mara nyingine, hata mwaka wa 1958. Lakini aliichezea nchi yake mara moja tu baada ya siku ile, mwaka wa 1953. Alisimulia mwenyewe kwamba mwaka wa 1970, dukani, mwanamke mmoja alimwonyesha kwa kidole, akamwambia mwanawe kuwa huyu ndiye aliyeiliza Brazil nzima. Mwaka wa 1993 alitaka kuwatembelea wachezaji wa taifa mazoezini, akazuiwa asije akawaletea nuksi. Mwishoni mwa maisha yake alisema kwamba katika Brazil kifungo kirefu kabisa kilikuwa miaka 30, lakini yeye amelipa 50. Alifariki tarehe 7 Aprili, 2000, akiwa na umri wa miaka 79.

Baadaye Vasco da Gama walikipa kiwanja chao cha mazoezi jina lake. Ni heshima njema, ila mwenyewe hakuiona.

Mabibi na Mabwana, hapana ubaya kuhuzunika timu yako ikishindwa. Lakini filimbi ya mwisho ikilia, mchezo umekwisha kwa wote ishirini na wawili. Mlinda goli naye aachwe aende nyumbani kwake kwa amani, na kesho asalimiwe njiani kama jana.