Mtoto akifukuzwa shuleni, wazazi wapite njia gani?

Mazungumzo na familia za wakimbizi wa ndani, viongozi wao na jamaa zilizowapokea



Leo tunapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wanaliona dogo. Mtoto anarudi nyumbani asubuhi, na karatasi au bila karatasi, anasema: “Prefe amenifukuza.” Baba anakasirika. Jirani anasema: “Ni kwa sababu sisi ni wakimbizi.” Jioni habari imefika kila hema, na kesho yake vijana kumi wanataka kwenda shuleni “kuuliza”. Hapo nidhamu ya mtoto mmoja imekwisha kuwa ugomvi wa makabila.

Mzazi ana haki ya kuomba uamuzi wa shule uangaliwe tena. Kuomba hivyo si kumdharau mwalimu. Lakini kuna njia yake, na njia hiyo haipiti kwa vijana kumi.

Kwanza mjue ni kufukuzwa kwa namna gani. Kuna kusimamishwa kwa siku chache, na kuna kufukuzwa kabisa. Kuna pia kurudishwa nyumbani kwa sababu ya franga, na hiyo si nidhamu hata kidogo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za umma. Serikali ilianza kuitekeleza mnamo Septemba 2019. Shule za makanisa na za Waislamu zinazosimamiwa kwa mapatano na Serikali zimo pia ndani ya shule za umma. Basi mtoto wa shule ya msingi ya umma akirudishwa kwa sababu ya minervale, msiandike kuomba msamaha. Andikeni malalamiko kwa sous-PROVED. Katika sekondari mambo ni tofauti: huko inabidi kuzungumza na prefe juu ya kulipa kidogo kidogo.

Sasa tuchukue mfano. Mvulana wa miaka 14, aliyekimbia pamoja na mama yake, amepigana darasani. Mwenzake alimwita “mtoto wa waasi”. Wote wawili walirusha ngumi, lakini mmoja tu amefukuzwa. Mama afanye nini?

Asianze kwa kusema mwanawe hakufanya kitu, ikiwa alifanya. Walimu waliona, na neno hilo litamharibia mengine yote. Akubali kosa la ngumi, kisha aulize maswali yake. Ni kanuni gani ya shule iliyovunjwa, na kanuni hiyo inatoa adhabu gani? Baraza la nidhamu lilikaa? Mtoto alisikilizwa kabla ya kuhukumiwa? Yule aliyetukana amepewa adhabu gani? Mara nyingi mzazi anashinda kwa maswali haya kuliko kwa machozi.

Maswali hayo yana msingi. Kongo ilithibitisha Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka wa 1990. Kifungu cha 12 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu, na cha 28 kinasema nidhamu ya shule ilingane na heshima ya mtoto kama mtu. Nchi yetu ina pia sheria yake ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009. Si lazima mzazi azijue kwa moyo. Inatosha kiongozi wa kambi azijue na kumwandikia.

Mama aende shuleni siku ileile au kesho yake, pamoja na mtu mmoja mtulivu. Aombe sababu ya kufukuzwa kwa maandishi. Akikataliwa, aandike mwenyewe tarehe, jina la aliyempokea na maneno aliyoambiwa. Kisha apeleke barua kwa prefe, au kwa direkta kama ni shule ya msingi. Ukurasa mmoja unatosha: jina la mtoto na darasa lake, kilichotokea, anachokubali, anachokataa, na anachoomba. Ofisi zinatumia Kifaransa, basi asiyekijua amtafute mwalimu mkimbizi amsaidie. Hao tunao wengi kambini, na wengine hawana kazi. Aombe pia mtoto aruhusiwe kufanya mitihani wakati jambo linaangaliwa, hasa kama yuko mwaka wa mtihani wa Serikali. Barua iwe kopi mbili, na katika ile anayobaki nayo shule iweke tarehe na muhuri. Barua isiyo na alama ya kupokelewa, kesho watasema hawakuiona.

Hatua ya pili ni komite ya wazazi, ile COPA. Tunajua kwamba mara nyingi wakimbizi hawamo ndani yake. Viongozi, jambo hilo liombeni mapema, mwanzoni mwa mwaka wa masomo, wala msingoje shida. Mwenyeji wa COPA akisimama kando ya mama mkimbizi mbele ya prefe, maneno ya kabila yanakosa nguvu.

Shule ikikataa, barua inapanda. Kwa shule ya kanisa, iende kwa kordinasio ya shule za kanisa hilo, na kopi kwa sous-PROVED. Kwa shule ya Serikali, iende kwa sous-PROVED moja kwa moja, na baadaye kwa PROVED. Mahali ambapo vita vimehamisha ofisi, kama ilivyotokea tangu Goma ilipotekwa mnamo Januari 2025, ulizeni kwanza kwa COPA au kwa kordinasio ni nani anayepokea barua sasa. Msimpe mtu bahasha ili “aisukume”. Atakayelipa zaidi kesho ataisukuma upande mwingine.

Wakati wa kungoja, mtoto asibaki kuzunguka sokoni. Rafiki amletee madaftari anakili masomo. Tunasema hivyo tukiwaza sana wavulana: aliyekosa shule katika sehemu zenye vikundi vya silaha hakosi mtu wa kumwita.

Na kama jibu la mwisho ni hapana? Ombeni buletini na karatasi inayoonyesha alisoma darasa gani, ili shule nyingine impokee. Kufukuzwa shule moja hakumfungii mtoto shule zote. Karatasi hizo zitieni ndani ya plastiki pamoja na kadi ya kambi.

Sasa tunapokea maulizo. Tuanze na akina mama walioketi nyuma.