Kauri Kwenye Tanuri
Katika kituo cha nyuklia cha Fukushima, Machi 2011, maji ya kupoza yalipokosekana, mirija ya zirkoni inayofunika fueli iliungua ndani ya mvuke, ikazaa hidrojeni iliyolipua majengo. Ndiyo maana majaribio ya fueli ya Maabara ya Taifa ya Idaho, Marekani, yana uzito. Chembe za urani zilizovikwa kaboni na kauri ya silikoni kabidi zilipashwa nyuzi joto 1,600 hadi 1,800 za Selsiasi kwa takriban saa 300. Siziamu ya mionzi inayozaliwa ndani yake karibu yote ikabaki, ingawa madini ya fedha, watoro hao, yalipenya. Mpinzani atasema tanuri la heliamu lililotumika si ajali, kwani hewa na mvuke hushambulia kwa namna nyingine. Ni kweli, lakini chembe hizo zilikwisha kukaa takriban miaka 3 ndani ya kinu halisi. Mdhibiti asitoe leseni ya kinu kwa kutazama michoro tu. Adai kwanza matokeo ya tanuri, ya mvuke yakiwemo.