Nembo Yako na Mlango Unaobisha

Haya ni maneno ya afisa wa ushauri wa kazi alipozungumza na wanafunzi wanaohitimu katika chuo cha ufundi. Tunayachapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.

 

Wengi wenu mmeniuliza kuhusu nembo. Mmeona kwenye simu watu wanaotafuta kazi wakiwa na nembo ya jina lao, karatasi za barua, bahasha na kadi ndogo, vyote vya rangi moja. Mnauliza kama jambo hili lina faida au ni kupoteza pesa. Swali lenyewe ni zito, kwa maana pesa hiyo ndiyo nauli ya kwenda kwenye mahojiano, na mara nyingi imetoka kwa mzazi aliyeuza kuku.

Jibu langu ni kwamba inategemea mlango unaobisha.

Tuanze na mlango wa serikali, ya kitaifa au ya kaunti. Hapa nembo haikuongezei alama hata moja. Kifungu cha 232 cha Katiba ya 2010 kinataka ajira katika utumishi wa umma izingatie ushindani wa haki na ustahiki. Bodi inataka kujua kama umetimiza masharti ya tangazo. Likisema jaza fomu, jaza fomu. Likisema andika nambari ya nafasi juu ya bahasha, nambari hiyo ndiyo ionekane, wala isifunikwe na mapambo yako. Maombi yakipokelewa kwa intaneti, kuna mifumo inayosoma maandishi pekee. Jina lililochorwa kama picha huenda lisisomeke kabisa, kwa hivyo hata ukiwa na nembo, andika jina lako kwa herufi za kawaida chini yake.

Mlango wa pili ni wa mwajiri binafsi: hoteli, gereji, mwanakandarasi, duka la fanicha, saluni. Huko kazi nyingi hazitangazwi. Unaacha karatasi zako leo, zinatiwa kwenye droo, na nafasi inapatikana baada ya miezi mitatu. Wahenga walisema chema chajiuza, lakini hata chema hakinunuliwi kikiwa chini ya rundo. Siku hiyo meneja anatafuta yule fundi wa umeme mwenye kadi ya kijani. Hapa ndipo nembo inapofanya kazi yake: inakufanya ukumbukwe na upatikane. Na kwa wale watakaojiajiri, nembo hiyo hiyo itaingia kwenye risiti na kwenye mlango wa kibanda.

Sasa, inatengenezwaje?

Anza na jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho na vyeti. Chukua herufi za kwanza mbili, uziweke pamoja kwa namna inayosomeka. Ukitaka picha, iwe moja tu: tone la maji kwa fundi wa bomba, sindano kwa mshonaji. Tumia rangi mbili, moja iwe nyeusi. Kisha ifanyie majaribio mawili. La kwanza, toa kopi nyeusi na nyeupe, kwa sababu ofisini karatasi zako zitanakiliwa. Ikigeuka doa, haifai. La pili, ipunguze hadi sentimita 2, uiweke mezani na urudi nyuma hatua moja. Usipoweza kuisoma, irahisishe.

Usitumie ngao ya taifa wala nembo ya kaunti. Sheria ya Bendera, Nembo na Majina ya Kitaifa, Sura ya 99, inakataza kutumia nembo hizo kutangaza biashara au taaluma yako bila idhini ya maandishi. Tena usichukue nembo ya kampuni kubwa ukabadilisha herufi. Mwajiri akiigundua, atajiuliza ni nini kingine ulichokopa, pengine hata vyeti.

Karatasi ya barua iwe A4, yaani milimita 210 kwa 297. Weka nembo juu kushoto, na kando yake jina, simu na barua pepe. Acha pambizo ya sentimita 2.5, na maandishi yawe saizi 11 au 12. Kichwa hicho hicho kikae juu ya barua ya maombi na juu ya wasifukazi, ili zikitenganishwa zijulikane ni za mtu mmoja. Barua iliyokunjwa sehemu tatu inatoshea bahasha ya DL, milimita 110 kwa 220. Vyeti visikunjwe, viweke kwenye bahasha ya C4, milimita 229 kwa 324. Huna haja ya kuchapisha bahasha, kibandiko kidogo chenye jina na anwani kinatosha. Kadi za mawasiliano zikiwa na ukubwa wa kadi ya benki, karatasi moja nzito ya A4 inatoa kadi 10. Kata kwa rula na wembe.

Programu za Inkscape na LibreOffice ni za bure, na Canva ina sehemu isiyolipiwa. Ukitengenezea saiba, hifadhi PDF kwenye barua pepe yako, kisha futa nakala iliyobaki kwenye kompyuta yao. Wasifukazi una habari zako nyingi, na atakayekaa kiti hicho baada yako humjui.

Jambo jingine la kuokoa pesa. Tangu Sheria ya Ajira iliporekebishwa mwaka 2022, mwajiri haruhusiwi kukudai vyeti vya uidhinishaji, kama vile cha maadili mema au cha HELB, kabla hajakusudia kukupa mkataba. Usikimbilie kulipia vyote kwa kila tangazo. Na anayekuomba pesa ili akupe kazi, huyo hana kazi.

Mwisho, nembo haipigi simu. Kadi nzuri yenye nambari iliyozimwa ni karatasi ya kuwashia jiko. Kabla ya kuchapisha chochote, chagua nambari moja utakayoilinda, na barua pepe yenye jina lako halisi, si jina la utani. Kisha mpe mtu mwingine asome kila neno. Kosa moja la nambari likichapishwa, limeingia kwenye kila kadi.

Basi, aliye na pesa ya nauli peke yake, aende kwenye mahojiano na barua safi isiyo na nembo. Hajapungukiwa na kitu. Aliye na ziada kidogo, atoe karatasi moja ya kadi na azigawe kwa watu kumi wanaoajiri kwa mikono yao wenyewe. Ufundi mnao tayari. Kilichobaki ni mtu kujua pa kuwapata.

 Sasa ulizeni maswali.