Manowari, Uzalendo na Deni la Taifa



Nimeombwa nizungumze juu ya uzalendo. Neno hili limewahi kutumiwa kama rungu katika nchi yetu. Siku za chama kimoja, aliyehoji matumizi ya fedha za umma aliitwa kibaraka wa wageni, na aliyedai chama cha pili aliitwa adui wa taifa. Ndiyo maana wengi wetu tukilisikia, moyo husita. Naomba basi tulipime kwa kisa cha mbali, kisichohusu kabila la yeyote miongoni mwetu.

Tarehe 7 Desemba 1941, siku ya Jumapili, muda mfupi kabla ya saa mbili asubuhi, ndege za Japani ziliishambulia bandari ya Pearl Harbor katika visiwa vya Hawaii. Vita havikuwa vimetangazwa. Miongoni mwa manowari za Marekani zilizotia nanga pale ilikuwamo West Virginia. Ilipigwa kwa topido kadhaa ubavuni na mabomu mawili kutoka juu, ikaanza kulala upande. Nahodha wake, Mervyn Bennion, alijeruhiwa vibaya tumboni na kipande cha chuma. Alikataa kuondolewa mahali pake pa kazi, akaendelea kuulizia hali ya meli na watu wake hadi alipokata roho. Afisa kijana, Claude Ricketts, alisimamia kazi ya kuingiza maji katika vyumba vya upande wa pili ili meli isipinduke. Hivyo ilizama wima, ikakaa juu ya sakafu ya bandari. Walikufa watu 106. Jirani yake, Oklahoma, ilipinduka, na zaidi ya watu 400 walipotea.

Tumezoea kuambiwa kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Kweli, lakini asubuhi ile nahodha mmoja alianguka, na chombo kikaokolewa na wengi ambao kila mmoja alijua wajibu wake bila kungoja kuamrishwa.

Mmoja wao alikuwa Doris Miller, Mmarekani mweusi kutoka Waco, Texas, mwenye umri wa miaka 22. Jeshi la Majini la wakati ule lilimruhusu mtu mweusi kuwa mhudumu wa mezani: kuandaa chakula, kung'arisha viatu vya maofisa na kukusanya nguo zao chafu. Hakufunzwa silaha ile aliyoikuta sitahani. Baada ya kuwabeba majeruhi na kusaidia kumsogeza nahodha, alishika bunduki ya rashasha ya kutungulia ndege, akafyatua mpaka risasi zikaisha.

Mabibi na mabwana, hapa ndipo moyo wangu unapogawanyika. Sioni haya kusema kwamba ushujaa ule hunisisimua. Lakini taarifa za kwanza zilimtaja Miller kama mtu mweusi asiye na jina. Gazeti la watu weusi, Pittsburgh Courier, lilifuatilia habari zake, na jina lake likatangazwa Machi 1942. Mwezi Mei mwaka huohuo Admirali Chester Nimitz alimvisha nishani ya Navy Cross, ya kwanza kwa Mmarekani mweusi. Kisha alirudishwa jikoni. Tarehe 24 Novemba 1943 meli aliyokuwamo, Liscome Bay, ilipigwa topido katika Bahari ya Pasifiki, naye akafa akiwa mpishi. Jeshi halikuamriwa kukomesha ubaguzi hadi Julai 1948.

Gazeti lilelile lilianzisha Februari 1942 kampeni ya ushindi wa pande mbili: dhidi ya adui ng'ambo, na dhidi ya ubaguzi nyumbani. Halikuwaambia vijana wasiende vitani. Lilisema tu kwamba anayeitwa kuifia nchi ana haki ya kuishi ndani yake kama raia kamili. Sijui tafsiri ya uzalendo iliyo safi kuliko hiyo.

Mwezi huohuo wa Februari, serikali ya Marekani ilionyesha uzalendo wa namna nyingine. Kwa kisingizio cha shambulio lile, Rais Franklin Roosevelt alitia saini Amri 9066. Watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao raia kwa kuzaliwa, walihamishwa na kufungiwa kambini bila kushtakiwa. Fred Korematsu alikataa kuondoka, akaipeleka kesi yake hadi Mahakama ya Juu. Desemba 1944 majaji sita walimkatalia, watatu wakapinga. Mmoja wa waliopinga, Robert Jackson, alionya kwamba kanuni ile ingebaki kama silaha iliyokwisha kujazwa risasi, ikingoja mkono wa yeyote atakayedai dharura. Hukumu dhidi ya Korematsu ilifutwa mwaka 1983. Mwaka 1988 Bunge la nchi ile lilikubali fidia ya dola 20,000 kwa kila mfungwa aliyekuwa bado hai. Wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Silaha ya namna hiyo tuliijua hapa pia. Sheria ya kulinda usalama wa umma iliruhusu Mkenya kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani, na mamlaka hayo hayakuondolewa mpaka marekebisho ya mwaka 1997. Kila mara hoja ilikuwa ileile: taifa liko hatarini, kwa hiyo nyamaza.

Vita vile viliwachukua vijana wetu pia. Askari wa King's African Rifles walipigana Burma, wakitoka katika nchi ambamo mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande. Waliporudi hawakupewa kura. Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza mwaka 1957. Mmoja wa waliorudi, Waruhiu Itote, aliingia msituni akajulikana kama Jenerali China. Serikali iliyomsifu kwa kubeba bunduki Burma ilimwita gaidi alipoibeba nyumbani.

Kwa hiyo sisemi tuutupe uzalendo kwa sababu watawala waliuchafua. West Virginia yenyewe iliibuliwa kutoka majini, ikatengenezwa, na Septemba 1945 ilikuwapo katika Ghuba ya Tokyo Japani iliposalimu amri. Meli haikuachwa chini kwa sababu ilitobolewa. Lakini uzalendo ni deni la pande mbili. Mwananchi anadaiwa utumishi, na hata uhai. Dola inadaiwa haki, sheria iliyo sawa kwa wote, na sikio la kusikia lawama. Dola inayokusanya deni lake na kukana la kwake haina haki ya kumwita mtu msaliti. Na kwetu mawakili, wakati wa kulidai deni hilo ni siku ileile ya hofu, watu wote wanapotaka tunyamaze. Fidia ya miaka 40 baadaye haimfai aliyezikwa.