Ulevi Katika Nchi Jirani, na Kalamu Zetu Sisi Makarani

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tulipotakiwa na Halmashauri tuseme neno juu ya ulevi tuliona haya kidogo, maana ni wachache katika chumba hiki wasioijua ladha ya pombe, na sisi tunaosema si katika hao wachache. Basi hatukuja kuhubiri. Mahubiri yana wenyewe. Tumekuja kusema habari ya afya ya watu na habari ya kazi yetu, kwa kuwa mambo hayo mawili hukutana mahali ambapo wengi hawapatazami, yaani katika karatasi tuzipigazo mihuri.

Tuanze na Nairobi. Mwezi wa Novemba mwaka 2000, katika vitongoji vya Mukuru, watu walikunywa pombe iliyoitwa kumi kumi, kwa sababu ya bei yake ya shilingi 10. Waliokufa walizidi 130, na wengine walitoka hospitali hali ni vipofu. Mwezi wa Aprili mwaka 2010 msiba wa namna ile ile ukashuka Kabale, kusini-magharibi ya Uganda, kwa waragi. Huko nako walikufa watu zaidi ya 80. Mwezi wa Mei mwaka 2014 ukarudi Kenya, Embu na Kiambu na kwingineko, ukachukua watu kwa makumi. Jina la kinywaji hubadilika kwa kuvuka mpaka: Kenya ni chang'aa, Uganda ni waragi, Tanzania ni gongo, Rwanda ni kanyanga. Lakini sumu iliyoua katika misiba hiyo mitatu ilikuwa moja, nayo ni methanoli.

Yafaa tuieleze sawasawa, maana wengi hudhani kwamba mama apikaye pombe kwa mtungi ndiye mwuaji. Nafaka zikichachuka hutoa methanoli kidogo sana. Misiba mikubwa kama hii hutokana zaidi na mfanyabiashara anunuaye methanoli ya viwandani, akaichanganya na pombe ili mzigo wake uwe mwingi na mkali kwa fedha chache. Jicho haliitambui, wala ulimi. Mnywaji hulewa kama siku zote, akaenda zake kulala. Ini lake mwenyewe ndilo liigeuzalo methanoli ile kuwa asidi, na kazi hiyo huchukua saa 12, au 24, au zaidi. Ndipo kichwa kiume, tumbo lisokote, pumzi ziende mbio, na macho yaone kama ukungu mweupe. Hapo asidi imekwisha kuushika mshipa wa fahamu wa jicho. Aliyefikishwa mapema kwa mganga aweza kupona, kwa dawa na kwa kusafishwa damu kwa mashine. Lakini mlevi akilalamika asubuhi kwamba haoni vema, jamaa zake husema ni uchovu wa jana, wakamwacha alale. Na muda wa kumponya ukapita pale pale kitandani.

Hayo ndiyo yapigiwayo mbiu. Pombe ya chupa yenye kibandiko cha kodi huua polepole, wala haipati mbiu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2019 watu milioni 2.6 walikufa ulimwenguni kwa sababu ya pombe. Kifua kikuu humshika mlevi upesi kuliko mwingine. Saratani ya umio, ambayo ni nyingi katika nchi hizi za Afrika ya Mashariki, pombe ni mojawapo ya sababu zake. Na mtoto aliye tumboni hunywa anywacho mama yake. Lakini sisi tuandikao vitabu vya vifo twaweza kufunua kurasa 100 tusilione neno pombe hata mara moja. Tumeandika ini, tumeandika ajali ya gari, tumeandika homa ya mapafu. Ni kweli mwandishi huandika aliloambiwa. Lakini Serikali hufanya hesabu yake kwa vitabu hivyo, na lisiloandikwa halitengewi fedha.

Sheria hazikukosekana. Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ulikataza vileo vikali vya biashara kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, Mwafrika akahesabiwa mtoto mbele ya chupa. Nao waliotaka kunywa wakajitengenezea chao kwa siri. Uganda ilitunga sheria ya enguli katika mwaka 1965, ikataka mtengenezaji awe na leseni. Kenya ilipiga chang'aa marufuku katika mwaka 1980, na msiba wa Mukuru ulitokea katika miaka ya marufuku hiyo; hata sheria ya mwaka 2010 ikairuhusu tena kwa masharti ya leseni, vyombo na saa za kuuza. Tanzania ilikataza pombe za viroba tangu tarehe 1 Machi 2017, na Uganda ikafuata katika mwaka 2019. Kwa maoni yetu amri ya viroba ndiyo iliyokuwa na akili kuliko zote, maana haikumkataza mtu mzima kunywa. Iliondoa kileo kikali kilichouzwa kwa bei ya peremende na kutoshea katika mfuko wa kaptula ya shule.

Lakini tazameni tarehe. Kati ya Machi 2017 na mwaka 2019 kiroba kilikuwa haramu upande mmoja wa mpaka na halali upande wa pili. Mzigo wa viroba ni mwepesi kuliko wa chupa, wala hauvunjiki njiani. Mwenye baiskeli na usiku wa giza ana biashara kamili. Magendo ya kanyanga kutoka Uganda kuingia Rwanda ni ya miaka mingi, ingawa Rwanda huihesabu pamoja na dawa za kulevya. Jirani akifunga mlango wake nawe ukaacha wako wazi, nyumba zote mbili hazina mlango.

Sasa tufike kwetu. Mwezi wa Februari mwaka 2024, katika Kirinyaga, Kenya, pombe ya sumu iliua watu wapatao 17. Wakuu wa Serikali walieleza kwamba pombe ile ilikwisha kukamatwa zamani, ikawekwa chini ya ulinzi kuwa kielelezo cha kesi, kisha ikatolewa humo ikarudi sokoni. Mabwana, mwajua ghala la vielelezo lilivyo. Lina kitabu, lina kufuli, na kitabu kina mwandishi. Pombe haikujiandikia ruhusa ya kutoka. Vivyo hivyo leseni ya duka la vileo huandikwa na karani, ukaguzi hutiwa sahihi na karani, na cheti cha forodha hupita mezani kwa karani. Hatumtuhumu mtu aliyemo humu. Twasema tu kwamba methanoli haifiki katika bilauri ila imepita mbele ya kalamu kadhaa, na kila moja ilipata nafasi ya kukataa.

Tena wamo wenzetu ambao ulevi umewala wenyewe. Mwaka jana tulimzika karani wa masjala, fundi wa mafaili asiye na mfano wake, na katika mfuko wa kuzikana palizuka ubishi: je, tulipe fedha kwa mtu aliyejiua kwa chupa? Tulilipa, na twasema tulitenda haki, maana mjane wake hakunywa. Lakini miezi sita kabla yake tulikuwa tumemwona akitetemeka mikono saa tatu ya asubuhi, sisi tukamfichia makosa yake ya kazi tukiita huko kuficha urafiki. Hakuna aliyempeleka kwa mganga.

Kwa hiyo twaleta hoja tatu. Ya kwanza, mfuko wa kuzikana uruhusiwe kutoa nauli na gharama ya matibabu kwa mwanachama mgonjwa wa ulevi, akiwa hai. Ya pili, fedha ya bia katika karamu ya mwisho wa mwaka, ambayo mwaka jana ilizidi fedha ya chakula, ipunguzwe nusu. Twajua hoja hii haitapendwa, na makofi hatuyangoji. Ya tatu, wanachama walio katika leseni, forodha na vielelezo wakutane Jumamosi ijayo, walete vitabu vyao, na kila mmoja aeleze mzigo hupitaje mezani kwake.

Bwana Katibu ameziandika zote tatu. Twaomba zipigiwe kura moja moja, kwa mikono.